Jibu: Kwa nini taasisi yenye wasomi hurudia kosa lile lile?

Ndugu, umeuliza inakuwaje taasisi iliyojaa wasomi irudie kosa ambalo kila mtu ndani analijua. Naona tatizo si akili. Ni nani anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha.

Chukua Challenger, chombo cha anga cha NASA, shirika la anga la Marekani. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi zake za pembeni walionya kwamba baridi ingezikakamaza pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi hizo na gesi ya moto ingepenya. Ikawa ni wao wanaotakiwa kuthibitisha kwamba kuruka ni hatari, wakati swali lilipaswa kuwa kama kuruka ni salama! Mabosi wao wakageuza msimamo. Kesho yake chombo kikasambaratika sekunde 73 baada ya kuruka. Watu 7 wakafa.

Pete hizo zilishaonekana zimeungua safari za nyuma, lakini kwa kuwa vyombo vilirudi salama, dalili ya hatari ikahesabiwa kuwa jambo la kawaida. Hapo ndipo paniumapo, maana mwaka 2003 Columbia, chombo kingine cha NASA, ikaangamia vilevile: povu gumu linalofunika tangi la mafuta lilikuwa likibanduka safari nyingi, wakalizoea, na safari hiyo lilipogonga bawa, wahandisi walioomba picha za bawa hilo hawakupewa. Wengine 7.

Ukitaka kuipima taasisi yako, angalia mtu wa ngazi ya chini akisema kikaoni "tusimame kwanza": nani anadaiwa ushahidi, na mwaka unaofuata kama bado yuko kazini.