Je, sadaka inautakasa mfuko wenye hisa za benki na kamari?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni Mtanzania, nahudumia wazee zamu ya usiku huku Columbus, Ohio. Nataka kuweka dola 200 kila mwezi kwa miaka 20 kwenye mfuko wa hisa, nipate cha kurudi nacho Tanga. Nasita kati ya SPUS na HLAL, mifuko iliyochujwa kisharia, na VOO ya Vanguard, isiyochujwa. Ustadhi mmoja kaniambia nichukue VOO kwa kuwa makato ni madogo, kisha nitoe sadaka kuitakasa, kwani hata hiyo mingine haijasafika kabisa. Bado nina deni la kadi ya mkopo, dola 1,900, tangu nauli ya kwenda kumzika baba.

JIBU: Wa alaykumus salaam. Mwenyezi Mungu amrehemu baba yako. Dada yangu, jawabu ulilopewa limenisumbua kuliko swali lako.

VOO hufuata S&P 500, orodha ya kampuni kubwa 500 hivi za Marekani. Ukiinunua, umeingia ubia na JPMorgan Chase wanaoishi kwa riba, Philip Morris wa sigara na Las Vegas Sands wa kamari. Hizo ndizo kazi zao, nawe unazijua kabla hujatoa senti. Kutakasa kumewekwa kwa kampuni yenye kazi ya halali iliyoingiliwa na mapato machafu kidogo, yasiyofika asilimia 5. Anayechota kisimani akaona jani, hulitoa akanywa. Hachoti mtaro wa choo kwa sababu ana kitambaa cha kuchujia! Mtume ﷺ amesema Mwenyezi Mungu ni Mzuri, hapokei ila kilicho kizuri. Vipi upange haramu ya miaka 20 na sadaka yake pamoja? Wapo wanazuoni wasioikubali hata hiyo asilimia 5, nami nawaheshimu. Lakini hoja yao inakutoa sokoni, haikupeleki benki.

Makato ni kweli yanatofautiana: VOO asilimia 0.03, hiyo miwili karibu 0.5. Kwenye dola 10,000 ni dola 3 kwa mwaka, au 50 hivi. Si kidogo kwa mtu wa zamu ya usiku. Ila ndiyo gharama ya kuchujiwa.

SPUS na HLAL zote ni za 2019, na kampuni zake kubwa nyingi ni zilezile, kwa hiyo moja inatosha. Zote huikataa kampuni yenye deni kubwa kupita kiasi, ila SPUS hupima deni hilo kwa thamani ya hisa zake sokoni, wastani wa miezi 36. HLAL kwa mali yote ya kampuni. Mimi napendelea HLAL, maana bei ya soko ikipanda kwa shauku tu, deni huonekana dogo mbele yake, na mdaiwa yuleyule huonekana msafi. Ukichukua SPUS huna dhambi.

Sasa hiyo kadi, uliyoitaja mwishoni kwa haraka. Unaihofia riba ya senti iliyojificha ndani ya hisa, na huku kila mwezi unailipa mwenyewe kwa jasho la kugeuza wagonjwa kitandani. Sikulaumu, msiba haungoji mshahara. Lakini dola 200 zianzie huko. Kwa miezi kumi au kumi na moja deni litakuwa limekwisha, inshaallah. Mwezi unaofuata zipeleke HLAL, kabla mkono haujazoea kuzitumia kwingine.