Livorno hadi Bolgheri kwa Siku Moja: Mizabibu, Meza na Saa ya Kurudi Melini

Meli ya kitalii ikifunga gati Livorno, bandari ya Italia, abiria wengi hupanda mabasi ya Florence au Pisa. Florence iko kilomita 90 hivi. Kwenda na kurudi kunakula saa 3 nzima, na zinazobaki huishia kwenye foleni na jua la mchana. Kusini mwa Livorno, kilomita 60 tu kwa barabara inayofuata pwani, kuna Bolgheri: kijiji kidogo cha matofali mekundu, mashamba ya mizabibu yanayotazama bahari, na chakula cha watu wa shamba. Kwa mwenye saa 8 au 9 nchi kavu, ushauri wetu ni kwenda kusini.

Kwanza, hati za kusafiria. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo, hata kama anashuka kwa saa chache. Kama meli itatoka nje ya eneo la Schengen, kwa mfano ikapitia Tunis halafu irudi Italia, chukua viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Wengi hukwama hapo: viza wanayo, lakini ya kuingia mara moja, na imeshatumika bandari ya kwanza.

Kwa ndugu zetu wanaofanya kazi melini, hali ni tofauti. Baharia mwenye kitambulisho cha ubaharia, ambaye jina lake limo kwenye orodha ya wafanyakazi wa meli, anaweza kuruhusiwa kushuka bila viza, ila mwisho wake ni mji wa bandari na wilaya zinazopakana nao. Bolgheri imo katika wilaya ya Castagneto Carducci, haipakani na Livorno, kwa hiyo usiende huko kwa ruhusa hiyo. Collesalvetti na Rosignano Marittimo zinapakana na Livorno, na huko pia kuna mizabibu na mizeituni.

Saa tunazotaja hapa ni za Kiswahili. Ratiba za Italia huhesabu kuanzia usiku wa manane hadi 24, kwa hiyo saa 2 asubuhi utaikuta imeandikwa 08:00. Ukimwandikia mwenye shamba kuomba nafasi, andika kwa mtindo wao.

Tuseme meli inataka kila mtu awe ndani saa 10 na nusu jioni. Shuka saa 2. Huruhusiwi kutembea kwa miguu ndani ya bandari ya mizigo, hivyo utapanda basi la bandari hadi katikati ya mji. Saa 3 uwe umeshakutana na dereva au umeshakabidhiwa gari. Saa 4 na robo utakuwa San Guido, mwanzo wa njia ya miberoshi inayoelekea kijiji cha Bolgheri. Kuonja mvinyo saa 5, chakula saa 7 kasorobo, kuondoka Bolgheri saa 8 na nusu bila mjadala. Utafika geti la bandari kama saa 10 kasorobo, ukiwa na dakika 45 za akiba. Akiba hiyo usiipunguze. Ajali moja kwenye barabara ya Aurelia, au wikendi ya Agosti watu wanaporudi kutoka pwani, huimaliza yote. Meli husubiri wasafiri wa ziara zake zenyewe. Aliyejipangia mwenyewe akichelewa, anaifuata bandari inayofuata kwa gharama yake.

Kuhusu usafiri, bora kabisa ni gari pamoja na dereva mwenye leseni, huduma ambayo Waitalia huiita NCC. Mkiwa wanne mkagawana, maumivu ya bei hupungua, na kila mtu anaonja kwa amani. Ukikodi gari ujiendeshe, leseni ya Afrika Mashariki iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho unakichukua nyumbani kabla ya safari. Uliza pia saa za ofisi ya magari, kwa sababu nyingi hufungwa mchana kuanzia saa 6 na nusu au saa 7 hadi saa 9. Na usikatize katikati ya miji: alama ya ZTL maana yake ni eneo lililofungwa kwa magari ya wageni, kamera hupiga picha namba, na faini hukufuata nyumbani kupitia kampuni ya magari.

Treni ipo, lakini ina kasoro. Kutoka Livorno Centrale hadi kituo cha Castagneto Carducci-Donoratico ni kama dakika 50 kwa treni ya mkoa. Tiketi ya karatasi igonge muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda. Kituo chenyewe kiko bondeni, mbali na Bolgheri, na teksi hazijipangi nje zikingoja abiria, kwa hiyo agiza ya kukupokea mapema. Siku ya mgomo, ambayo Waitalia huiita sciopero, treni za mkoa zinazohakikishwa siku za kazi ni za saa 12 hadi saa 3 asubuhi na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Nyakati hizo hazimfai msafiri wa meli hata kidogo.

Njia ya miberoshi inaanzia kwenye kikanisa cha San Guido na kunyooka karibu kilomita 5 hadi lango la kijiji. Miti ni zaidi ya 2,000, kulia na kushoto, na barabara inapanda taratibu hivi kwamba ukiwa mwanzoni unaiona yote mbele yako. Waitalia wanaijua tangu shuleni kwa sababu ya shairi la Giosuè Carducci, aliyekulia hapa na kupata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1906. Ukitaka picha, shuka kule San Guido mwanzoni. Usisimame katikati, magari hupita kwa kasi na pembezoni hapana nafasi.

Mvinyo wa hapa ni habari nzito. Sehemu kubwa ya Toscana, mkoa uliomo Bolgheri, hutegemea zabibu ya Sangiovese, lakini Bolgheri hutawaliwa na Cabernet Sauvignon, Cabernet Franc na Merlot, zabibu zenye asili ya Ufaransa. Mario Incisa della Rocchetta alizipanda katika shamba lake la San Guido, sehemu yenye mawe mengi, na jina la mvinyo wake, Sassicaia, linatokana na mawe hayo. Mavuno ya kwanza kuuzwa sokoni yalikuwa ya mwaka 1968. Kwa miaka mingi mvinyo huo ghali ulibandikwa lebo ya “mvinyo wa mezani”, daraja la chini kabisa, kwa kuwa kanuni za wakati ule hazikutambua mvinyo mwekundu wa zabibu hizo mahali hapa. Mwaka 1994 kanuni zilibadilishwa.

Hivyo ukishika chupa, soma lebo. “Bolgheri Rosso” ni mwekundu wa kawaida, hutoka mapema na hunywewa ukiwa mchanga. “Bolgheri Superiore” umekaa angalau miaka 2 kabla ya kuuzwa, na bei yake hupanda kwa sababu hiyo. “Toscana IGT”, daraja la mvinyo wa mkoa mzima, una masharti mapana zaidi, na si lazima uwe mbaya. Mara nyingine mwenye shamba ameamua tu kutumia zabibu ambayo kanuni za Bolgheri haziiruhusu peke yake. Mweupe unaotafutwa ni Vermentino, mkavu, wenye ladha inayokaribia chumvi.

Usitarajie kubisha hodi kwenye shamba kubwa lenye jina ukafunguliwa. Miadi ni lazima, wiki 3 au 4 kabla, na Jumapili wengi hufunga. Chagua shamba la familia kando ya Via Bolgherese, barabara inayotoka Bolgheri kuelekea Castagneto Carducci. Kuonja aina 3 au 4 mara nyingi hugharimu euro 25 hadi 50 kwa mtu. Shamba moja linatosha. Wanaopanga mashamba matatu kwa siku huishia kutazama saa, na glasi ya nane ulimi haujui tena unachokionja.

Ghalani huwa na baridi hata Julai, kwa hiyo beba kanga au mtandio. Vaa viatu vilivyofungwa, na siku hiyo usijipulize manukato kwa sababu yataua harufu ya mvinyo, yako na ya jirani yako.

Dereva asikilize hesabu hii. Aina 4, kila moja mililita 50, ni mililita 200. Mvinyo wa hapa una alkoholi ya asilimia 14 hivi, kwa hiyo utakuwa umemeza gramu 22 za alkoholi. Kikomo cha sheria ya Italia ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na kwa mwenye leseni chini ya miaka 3 ni sifuri. Mwanamke wa kilo 60 akiwa na njaa anaweza kukivuka kikomo kwa glasi hizo tu. Mwanamume wa kilo 75 atakuwa ukingoni. Mezani kuna chombo cha kutemea. Kukitumia si utovu wa adabu, wenyewe hutema kila siku.

Asiyekunywa hana sababu ya kubaki melini. Omba kuonja mafuta ya zeituni, degustazione di olio. Mashamba mengi ya hapa yana mizeituni. Mimina kijiko kwenye kikombe kidogo, kifunike kwa kiganja cha pili na ukishike mpaka kipate joto la mkono, kisha nusa. Chukua funda dogo na uvute hewa kupitia meno kama anayenywa chai ya moto. Mafuta mazuri yatakukereketa kooni kama pilipili manga, pengine ukohoe. Mkereketo huo ndio dalili nzuri. Rangi ya kijani isikudanganye, haipimi ubora. Mafuta mapya hukamuliwa Oktoba na Novemba.

Mezani, nyama inayotawala ni nguruwe mwitu, cinghiale, aliyepikwa taratibu kwenye mvinyo na kumwagwa juu ya tambi pana za pappardelle. Kwa Muislamu, kukwepa nyama hiyo peke yake hakutoshi. Supu ya nafaka ya farro na maharagwe ya mchuzi wa nyanya mara nyingi huanzia kwenye mafuta ya nguruwe, na baadhi ya mikate hukandwa kwa mafuta hayo hayo, strutto. Uliza maswali matatu: “C'è maiale? C'è strutto? C'è vino nel sugo?” Nguruwe, mafuta yake, na mvinyo ndani ya mchuzi. Chakula chenye hatari ndogo ni pappa al pomodoro, uji mzito wa mkate na nyanya, au jibini ya kondoo kwa asali. Mkate wa Toscana hauna chumvi. Usidhani mpishi amesahau. Umepangwa kuliwa na vitu vyenye chumvi kali.

Jikoni hufungwa karibu saa 8 na nusu mchana, kwa hiyo aliyefika saa 8 na dakika 20 huambiwa pole. Kwenye hesabu utaona coperto, euro 2 au 3 kwa kila mtu. Ni ada ya meza na mkate, si wizi.

Ukinunua chupa, usiziache kwenye buti ya gari juani. Joto husukuma kizibo na mvinyo hupikwa humo humo. Kampuni nyingi za meli huzichukua mlangoni na kukurudishia mwisho wa safari, kwa hiyo omba risiti yenye idadi. Chupa moja iliyojaa ina uzito wa kilo 1.3 hivi, na kwenye ndege lazima iende kwenye mzigo wa chini, imeviringishwa nguo. Mafuta ya zeituni chukua ya kopo la bati: halivunjiki, wala halipitishi mwanga unaoyaharibu.