Jinai, uhalifu na hatia: maneno haya yametoka wapi?

SWALI: Assalamu alaikum, Bwana Mhariri. Mpwa wangu alifikishwa mahakamani hapa Lamu, akishtakiwa kuiba mashine ya boti. Karani alisoma "kosa la jinai", na jioni barazani watu wakawa wanamwita mhalifu. Mzee mmoja aliyesoma Kiarabu akasema kuwa jinai ni jambo la damu, si la wizi. Je, ni kweli?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu yangu. Kwa upande wa Kiarabu, mzee wenu hakukosea. Katika fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, jinaya hutumika hasa kwa kuua na kujeruhi. Na sheria za Misri hupanga makosa kwa daraja tatu: jinaya ndilo zito kabisa, junha ni la kati, na mukhalafa ni dogo la kulipiwa faini. Lakini neno hilo, katika Kiswahili cha mahakama, limetanuka likawa jina la kila kosa ambalo dola humshtaki mtu, zito kwa jepesi, ili litengwe na madai, yaani mashauri ya mtu na mwenzake. Wizi umo: kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya huuwekea kifungo cha hadi miaka 3.

Ajabu zaidi ni uhalifu. Mzizi wake ndio ule wa mukhalafa, kwenda kinyume, uliotupa pia hitilafu. Kule ni kosa la faini, kwetu limepanda hadi kuwa jina la ujambazi na mauaji.

Hatia nayo imetokana na khatia, dhambi, na asili ya mzizi wake ni kukosa shabaha. Kitenzi chetu cha Kibantu kinabeba maana hiyo hiyo, kwani mvuvi aliyerusha chusa kikapita ubavuni mwa papa husema "nimekosa", na mtu aliyemkosea jirani husema vivyo hivyo.

Basi barazani wamemwonea kijana. Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 humhesabu kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo, na jina lake kwa sasa ni mshtakiwa. Mhalifu ni neno la baada ya hukumu, ikiwa hakimu atamtia hatiani.