CG125 ya mzee na vipuri vya China

Ndugu, umeuliza kama pikipiki ya marehemu baba, Honda CG125, ya 1978, itafufuka kwa vipuri rahisi vya China. Itafufuka. Injini nyingi za bodaboda za Kichina zimenakiliwa kwenye CG hiyo iliyotoka 1976, hivyo gasketi, cheni na waya wa klachi nunua bila hofu, ila nenda na kipuri cha zamani dukani ukalinganishe. Umeme ndio mtego: yako ni volti 6 na platini (swichi ya chuma inayokatakata umeme ili plagi itoe cheche), za bodaboda ni volti 12 na CDI (kifaa cha kielektroniki kinachofanya kazi hiyo hiyo), usichanganye. Kabureta ya asili usiitupe hata ikiwa imeganda uchafu. Ioshe, badilisha mipira yake tu. Breki na beringi, tafadhali, toa pesa ununue nzuri.