Jua, vumbi na MGB: ushauri kwa anayefufua gari la zamani Dodoma

Anayetaka kununua gari la zamani la Kiingereza hukimbilia boneti. Anataka kusikia injini inaungurumaje, kisha anauliza spea zinapatikana wapi. Kama gari lenyewe ni MGB, lile dogo la spoti, nakushauri boneti uiache kwanza. Piga magoti, angalia chini ya milango.

MGB ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na zaidi ya nusu milioni zilitoka kiwandani. Tofauti na Land Rover ambazo mafundi wetu wamezizoea, haina chasisi inayojitegemea. Bodi ndiyo chasisi. Ile ya wazi, yenye paa la turubai, inabebwa zaidi na visanduku viwili vya bati vinavyopita chini ya milango, kila kimoja kimeundwa kwa tabaka za bati zilizochomelewa pamoja. Hivyo vikiliwa na kutu, gari linalegea katikati na milango inaanza kugoma kufunga. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,798 ni ya chuma kizito, haina mambo mengi, na fundi yeyote makini wa hapa mjini ataimudu. Bodi iliyooza ndiyo itakayokumaliza pesa.

Sisi wa Dodoma tuna bahati yetu. Mvua ni kidogo, haizidi sana milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Gari lililolala miaka mingi hapa au Mpwapwa, kama langu la mwaka 1969 lililokuwa chini ya mkwaju, mara nyingi lina bati zima kuliko lililolala Dar es Salaam au Tanga karibu na chumvi ya bahari. Lakini usidanganyike na ukavu. Nyuma ya matairi ya mbele, ndani ya bodi, kuna mahali ambapo vumbi hujaa kiangazi chote. Likiwa kavu halidhuru kitu. Mvua za Desemba zikianguka linageuka tope, linagandamana na bati na kukaa na unyevu miezi kadhaa. Kutu huanzia hapo, upande usioonekana, wakati nje rangi bado inang'aa. Halafu kuna majani. Majani ya mkwaju ni madogo mno: hupenya kwenye wavu wa kuingizia hewa ulio mbele ya kioo, huziba bomba la kutolea maji, na maji yanabaki humo yakila bati kuelekea miguuni mwa dereva. Kwa hiyo ukienda kukagua gari nenda na bisibisi na tochi. Gonga, chokoa, sikiliza. Bati zima linalia, lililojazwa puti (ile lami ya kuziba mashimo ya bodi) linatoa sauti nzito iliyokufa.

Ukishaamua kukata visanduku vilivyooza, hapo ndipo pa kutulia. Fundi bodi wangu ni mtu mzima wa Chang'ombe, amenyoosha Land Rover tangu ujana wake, na mkono wake kwenye gesi naupenda sana. Siku ya kazi alikuja na grainda, akazunguka gari mara moja.

"Mwanangu, tukate pande zote mbili leo. Kesho tunachomelea, tunamaliza."

"Mzee wangu, hili halina chasisi. Tukikata pande zote, litakunjika katikati."

Akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye mwanya wa mlango kuanzia juu hadi chini. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo bodi ndiyo inayobeba?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi lete bomba za mraba."

Alichofanya baada ya hapo nataka kila mwenye MGB akifanye. Gari liliwekwa juu ya vigingi vilivyoshika pale uzito unapokaa kila siku, yaani karibu na magurudumu, si katikati. Bomba za mraba zikachomelewa ndani ya uwazi wa mlango, moja ikipita kimshazari, ili uwazi ule usibadilike. Tukapima mwanya wa mlango sehemu kadhaa na kuandika kwa chaki kwenye bati lenyewe. Ndipo tukakata, upande mmoja tu. Upande wa pili haukuguswa mpaka wa kwanza ulipokamilika. Na jambo jingine: kisanduku hicho cha chini ya mlango hupita nyuma ya ncha za chini za mabawa ya mbele na ya nyuma, yaani bati zinazofunika magurudumu. Fundi mwenye haraka hukata kile kinachoonekana tu na kubandika bati jipya juu. Kazi ya namna hiyo inapendeza miaka miwili, baadaye unaanza upya. Sharti ncha za mabawa zikatwe, kisanduku kizima kitoke, kisha ncha zirudishwe. Bati zinazoingia sawasawa zinapatikana. British Motor Heritage ya Uingereza hutengeneza bodi na vipande vya MGB kwa kutumia vifaa vya kiwandani vya asili, na ukiagiza vipande viwili vitatu kwa pamoja gharama ya usafiri inaumiza kidogo kuliko kuagiza kimoja kimoja.

Kabla ya kuchomelea, bati jipya tulilishika kwa klempu, mlango ukatundikwa, tukaufunga na kuufungua mpaka tukaridhika. Tabia hii ya kujaribisha pakavu niliitoa mezani, kwenye ndege za plastiki, na ndiyo sababu nawashauri wanaofufua magari wawe na ndege moja ya kuunda jioni.

Mezani kwangu kuna ndege ya abiria Super VC10, seti ya kuunda ya Airfix, kipimo cha 1/144, ninayoivika rangi za East African Airways. Shirika hilo lilikuwa la Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, lilianzishwa 1946 na kufa 1977, na lilikuwa na Super VC10 tano. Mojawapo ya zilizosajiliwa kwetu ni 5H-MMT. Ndege yenyewe iliundwa kwa kufikiria viwanja vyenye joto na vilivyo juu, kama Nairobi, ndiyo maana injini zake nne zimewekwa nyuma na bawa likaachwa safi lifanye kazi ya kunyanyua. Ukiwa umekulia nyanda hizi za kati, ambako mchana wa Oktoba hewa inakuwa nyepesi na ya moto, unamwelewa mhandisi aliyekaa kuwaza hivyo. Mfano wake mezani una urefu wa sentimita 36 hivi.

Sasa angalia. Plastiki ya seti hizi haigundishwi juu juu. Gundi yake huyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja, na ukikosea hakuna kurudi nyuma. Kwa hiyo kila kipande unakijaribisha bila gundi, unakishika kwa utepe, unakiangalia kwa mbele na kwa nyuma, unapiga msasa kidogo, unajaribisha tena. Kwenye VC10 kuna la zaidi: kwa sababu uzito uko nyuma, ndege itakalia mkia wake usipoweka uzito puani kabla ya kufunga kiwiliwili. Mimi hutumia nati za chuma, nazizungushia gundi zisicheze. Ukifunga kiwiliwili ndipo ukumbuke, umechelewa. Mtu aliyezoea kuwaza hatua tatu mbele kwenye kitu cha sentimita 36 hatakubali grainda iguse gari lisilo na mihimili ya muda.

Hewa yetu kavu ina tabu zake hapo mezani. Rangi za akriliki hukauka kwenye ncha ya bunduki ya kupulizia rangi kabla hazijafika kwenye plastiki, na unapata uso wenye chenga. Piga rangi usiku au alfajiri, ongeza matone ya dawa ya kuchelewesha kukauka, na shusha mgandamizo wa hewa badala ya kuupandisha. Plastiki ikisuguliwa katika hewa kavu hujaa umeme tuli, ikavuta kila punje ya vumbi chumbani. Ioshe kwa maji na sabuni, iache ikauke ndani ya kontena lenye mfuniko, usiifute kwa kitambaa kikavu dakika ya mwisho. Lakini jua nalo lina fadhila: karatasi ya nembo za kubandika ikizeeka hugeuka njano, na ukiiweka ndani ya mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga na kuibandika kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua, siku chache baadaye njano inafifia. Kabla ya kubandika nembo, paka rangi ya kung'aa juu ya uso wote. Uso wenye chenga huacha viputo vya hewa chini ya nembo, navyo huonekana kama ukungu mweupe.

Rangi ya gari ni habari ileile kwa ukubwa. Miezi ya upepo, Julai kwenda Oktoba, sipigi rangi ya mwisho kabisa, hata kama fundi ananiambia ana nafasi. Nangoja Januari au Februari, asubuhi baada ya mvua ya usiku, vumbi likiwa limelala. Tunamwagia sakafu maji, tunasubiri umande ukauke, tunaanza saa tatu au saa nne. Mawingu yakishuka tunaacha, maana rangi ya seluloso ikikutana na unyevu hugeuka kama maziwa. Kama fundi anatumia rangi ya kuchanganya na hadna (dawa ya kuigandisha), barakoa ya kitambaa au ile ya vumbi haitoshi hata kidogo. Mvuke wake una kemikali inayoharibu mapafu moja kwa moja. Anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Kama hana, chagua rangi nyingine. Nimewaona vijana wazuri wa kazi wakikohoa kila asubuhi, na sitaki gari langu liwe sababu ya yeyote.

Spana. MGB hutumia inchi: 7/16, 1/2, 9/16. Maduka yetu mengi yanauza milimita. Spana ya 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, lakini inacheza, na nati iliyoshika kutu itazunguka kona zake zote zikaisha. Vilevile bolti ya inchi 5/16 inafanana sana na ya milimita 8, ila meno yake ni membamba zaidi. Nati ya milimita 8 ukiilazimisha, umeua bolti. Nunua seti moja ya inchi, hata ya mtumba, na uilinde.

Kwenye waya, mwambie fundi umeme asikate kabla hajasoma rangi. Kahawia hutoka betri moja kwa moja bila fyuzi. Nyeupe hupata umeme ukishawasha swichi. Kijani ni ule wa swichi uliopita kwenye fyuzi, zambarau una fyuzi lakini uko hai muda wote, buluu ni taa kubwa, nyekundu taa ndogo, nyeusi ni wa bodi, unaorudisha umeme kwenye bati. Ukiujua mpangilio huo hitilafu unaifuata kwa macho. MGB za kabla ya 1968 zilitoka na betri iliyoungwa bodi upande wa chanya, kwa hiyo kagua kabla ya kufunga betri mpya kwa mazoea.

Kabureta mbili za SU zinaogopwa bure. Dodoma iko kwenye mita 1,100 hivi juu ya bahari, hivyo gari lililosetiwa Dar es Salaam likifika hapa linakuwa na petroli nyingi kuliko hewa, na plagi zinatoka nyeusi. Pandisha ile nati ya chini ya kabureta pembe moja, jaribu, kisha nyingine. Kupima, injini ikiwa ya moto inua pistoni ya kabureta kidogo sana, chini ya milimita moja. Injini ikipanda mwendo na kubaki juu, petroli imezidi. Ikitaka kuzimika, imepungua. Ikipanda kidogo na kutulia, acha hapo. Unaposafisha, usichanganye pistoni ya kabureta moja na kifuniko cha nyingine, kwani zilipimwa kwa jozi, na usizipige msasa kamwe. Kitambaa na petroli vinatosha. Chujio la hewa lisikosekane hata siku moja kwa vumbi hili.

Mpira wote wa zamani uhesabu umekufa hata kama unaonekana mzuri. Bomba za breki za mpira huvimba kwa ndani: unakanyaga, breki inashika, unaachia, haiachii. Badilisha zote. Na silinda hedi ikishafunguliwa, weka siti ngumu za vali za moshi, kwa sababu petroli yenye risasi iliyokuwa ikizilinda iliondolewa kusini mwa Sahara tangu 2006.

Siku ya kuwasha, toa plagi zote nne na uchomoe waya wa koili. Zungusha injini kwa stata, pumzisha, zungusha tena, mpaka geji ya oili ipande. Mpaka mshale huo utoke kwenye sifuri, plagi zisirudi. Ukitoka, zirudishe na uache mwanya wa inchi 0.025, rudisha waya, kagua kama kuna petroli inayovuja kwenye kabureta, weka mtungi wa kuzimia moto karibu, vuta choki, washa. Geji iangalie mpaka injini ipate moto. Ukiwa barabarani inapaswa kusoma kati ya 50 na 80 (pauni kwa inchi ya mraba), na ukisimama kwenye taa ikishuka hadi 20 usishtuke.