Kabla hujachana juu ya kalangu

Tangu nirudi kutoka Kaduna, kaskazini mwa Nigeria, maprodyuza wa huku nyumbani wananiuliza swali lilelile. Wamemsikia rapa wa kule, DJ AB, au ClassiQ, au BOC Madaki, wakapenda namna Kihausa kinavyokaa juu ya biti, sasa wanataka kujua vijana wa kule wanaziingizaje ngoma za wazee ndani ya rap bila wimbo kuonekana kama kanga iliyotiwa kiraka cha jinzi. Wengine wanataka kushirikiana nao kabisa. Namba ya msanii wameshaipata, kilichobaki ni kutumiana mafaili. Mimi si Mhausa. Nimekulia Tanga, kazi yangu ni ufundi wa sauti, na Kaduna nilikaa miaka kadhaa nikirekodi vijana kwenye chumba cha nyuma ya duka la simu. Ninayoyaandika hapa ni ya mtu wa mashine, siyo ya msomi wa muziki.

Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: mtafute mpiga ngoma kabla hujafungua kompyuta.

Najua wengi hawafanyi hivyo. Mtu anaingia mtandaoni, anakuta video ya harusi ya Kano au Katsina, anakata sekunde chache za ngoma, anazizungusha, anaweka besi chini, basi, biti imepatikana. Kwa muziki mwingine hilo linaweza kupita. Kwa kalangu, ngoma ya Wahausa, halipiti, na sababu yake iko kwenye lugha yenyewe.

Kihausa ni lugha ya toni. Neno lina sehemu ya kupanda na sehemu ya kushuka, tena irabu nyingine ni ndefu na nyingine fupi. Ukivuruga hayo, neno linaweza kugeuka jingine au likawa halieleweki. Sisi wa Kiswahili masikio yetu hayakulelewa hivyo. Tunasikia kama mtu anaimbaimba tu. Kalangu nayo ni ngoma yenye kiuno chembamba, nyuzi za ngozi zimevutwa kutoka uso mmoja hadi wa pili. Mpigaji huikumbatia kwapani. Akibana nyuzi sauti inapanda, akilegeza inashuka, na mkono wa pili unapiga kwa kigongo kilichopinda. Kwa hiyo ngoma inaweza kuiga mwendo wa maneno, na wenye lugha wakaelewa inachosema. Watu wenye hadhi, wachinjaji maarufu, mabingwa wa dambe, yaani ndondi za Kihausa, kila mmoja huwa na kifungu chake cha ngoma kinachomtaja. Wenyewe wanakiita take.

Sasa fikiria kijana aliyetuletea biti nzuri kweli, kalangu imekatwa kutoka kwenye harusi ya watu, mistari yake inamhusu marehemu mama yake. Tulishinda nayo siku kadhaa. Siku moja mzee mwenye duka akaja nyuma kutafuta chaja, akasimama mlangoni, akauliza kwa mshangao mbona tunamsifu mchinjaji fulani wa mtaa wa Tudun Wada, na huyo mama katika habari hiyo anaingilia wapi. Kijana ni Mhausa wa kuzaliwa, lakini ameishi mjini, lugha ya ngoma hakuijua. Kalangu tangu zamani inahusiana na wachinjaji, kwa hiyo hata kubahatisha tungeweza. Hatukubahatisha.

Tukamwita mpigaji. Mzee huyo wa ngoma alisikiliza mistari yote kwanza, akaomba irudiwe, kisha akaanza kupiga kitu tofauti kabisa, kila mstari ukiisha anaujibu. Kilichonishangaza ni kwamba mchanaji, yaani yule rapa kijana, naye alibadilika. Alipokuwa akikimbiza maneno ili yaingie kwenye biti ya kompyuta, sasa akaanza kusubiri ngoma imalize kusema. Mistari mingine akaikata mwenyewe bila kuambiwa. Wimbo ukapungua maneno, ukaongezeka uzito.

Jambo hili ndilo linaloamua kila kitu kingine studio. Kwa mfano, usimvalishe mzee hedifoni zenye mdundo wa kuhesabia. Nimeona watu wakifanya hivyo, na mpigaji aliyepiga harusini kwa miaka mingi akaonekana kama mwanafunzi. Mkalishe yeye na mchanaji watazamane, warekodi pamoja, kisha wewe ndiye uifuate kasi yao kwenye programu, kipande kwa kipande, hata ikichukua usiku mzima. Besi na vitu vyako vingine vije baadaye. Kaduna usiku ndio ulikuwa wakati wetu hata hivyo: umeme ukikatika, majirani wakazima jenereta zao, tunarekodi kwa betri ya kompyuta mpakato katika ukimya ambao mchana huupati kwa fedha yoyote.

Goge inahitaji adabu ya aina yake. Ni kama zeze: uzi mmoja wa singa za farasi, kibuyu kilichofunikwa ngozi ya kenge, inapigwa kwa upinde. Sauti yake ina mikwaruzo inayokaa palepale inapokaa sauti ya binadamu. Ukiacha goge na mchanaji waende pamoja mwanzo hadi mwisho, wote wawili utawapoteza. Ipe nafasi mchanaji anapovuta pumzi. Pia haitalingana na kinanda chako kilichofungwa kwenye hezi 440, kipimo cha kawaida cha kulinganishia vyombo. Usiirekebishe goge. Shusha au pandisha kinanda mpaka kiikute ilipo. Na ujue kwamba goge ina sifa mbaya kwa baadhi ya wacha Mungu, kwa kuwa inahusishwa na bori, yaani ngoma za mapepo, na mabaa. Ukiitumia kwenye wimbo wa harusi kuna wazazi watakunja uso.

Algaita ni zumari. Mpulizaji huvuta hewa kwa pua huku mashavu yamejaa, sauti haikatiki kabisa. Inapendeza, ila haimwachii mchanaji hata upenyo. Weka maiki mbali, mrekodi peke yake, kisha ukate kwa mkasi.

Auto-Tune, ile programu ya kunyoosha sauti ya mwimbaji? Kwenye kiitikio kinachoimbwa haina neno, kwa sababu katika kuimba toni za maneno hulegezwa kidogo na wasikilizaji wamezoea. Kwenye mistari ya kuchana, ambayo iko karibu na mazungumzo, iondoe. Mashine haijui toni ipi ni ya neno na ipi ni kosa la mwimbaji, inazinyoosha zote.

Kuna vyombo ambavyo ningekushauri usiviguse bila kuuliza. Kakaki, lile tarumbeta la bati refu kuliko mtu, na tambari, ngoma kubwa ya ikulu, ni vya amiri. Vinasikika kwenye maandamano ya farasi ya Idi na katika mambo ya utawala. Mtu wa Lamu au Pate ataelewa haraka nikimtajia siwa: si kila mwenye pumzi alikuwa na ruhusa ya kuipuliza. Vijana wanaitamani kakaki kwa sababu inaingia kama king'ora na inafanya biti ionekane kubwa. Lakini msikilizaji wa Kano akiisikia anatafuta mfalme yuko wapi, anamkuta kijana mwenye miwani meusi anajisifia viatu. Wengine watacheka, wengine watakasirika.

Wapo pia wazee watakaokwambia rap ni ya Wamarekani na haina nafasi kwenye ngoma zao. Usibishane nao kwa kutaja wasanii wa New York. Waulize kuhusu 'yan gambara. Hao ni wachekeshaji wa zamani wa Kihausa ambao hutupiana maneno ya haraka juu ya ngoma, masihara, vijembe, kila mmoja akijaribu kumzidi mwenzake. Mimi niliposikiliza rekodi zao mara ya kwanza nilisahau kama nilikuwa kazini. Kijana anayetaka kuchana kwa Kihausa ana mengi zaidi ya kujifunza pale, namna ya kupumua, namna ya kuchelewesha kichekesho, kuliko kwenye albamu za Kiingereza alizokaririshwa na marafiki.

Asikilize pia Dan Maraya Jos, aliyeishi kuanzia 1946 hadi 2015. Alipiga kuntigi, kigita cha uzi mmoja ambacho mwili wake mara nyingi ni kopo kubwa la samaki lililofunikwa ngozi. Alisafiri na madereva wa malori, akatunga wimbo wa kuwasifu utingo. Namleta hapa makusudi. Sehemu kubwa ya muziki wa kale wa Kihausa ni sifa: maroka, yaani waimbaji wa sifa, humsifu mtawala, tajiri, mkulima hodari, nao hutuzwa. Mamman Shata, aliyefariki 1999 na ambaye kwa wengi ndiye manju mkubwa kuliko wote, aliijua kazi hiyo kuliko yeyote. Mchanaji akiiga mtindo wa kirari, yale majina ya sifa yanayomiminwa mfululizo, anapata silaha kali sana ya vina. Pia anapata wateja. Kampeni zikianza, simu ya kijana mwenye mdomo mzuri hailali, na fedha zinazotajwa si za kukataa kirahisi. Nimewaona wawili waliokubali, na mashabiki wao mtaani wakawaita kwa jina la chama hata baada ya uchaguzi kupita. Ukitaka kirari bila mzigo huo, fanya alichofanya Dan Maraya: msifu utingo, fundi cherehani, binti anayeuza karanga.

Nilirekodi wanawake mara chache sana, na hapo nilihitaji ruhusa ya familia na mwanamke mwenzao awepo. Amada, muziki uliompa umaarufu Barmani Choge wa Funtua, hupigwa kwa vibuyu vilivyogeuzwa kifudifudi juu ya maji, na sauti hubadilika kadiri maji yanavyopungua. Kwa besi ya chini sijasikia kitu kinachokaa vizuri zaidi chini ya rap. Sielewi kwa nini vijana hawaikimbilii, au labda naelewa: wengi wanaiona ya mama zao.

Malipo. Ukienda kwa mpiga ngoma mzee nenda na goro, yaani kokwa za kola za kutafuna, msalimie kwa kuinama, ongea habari za nyumbani kabla ya kazi. Kisha mlipe siku hiyohiyo, mkononi, maana hesabu za kusikilizwa mtandaoni hazimhusu. Yeye amezoea kutuzwa noti usoni harusini, jambo ambalo sheria ya Benki Kuu ya Nigeria ya mwaka 2007 inalikataza na watu wanaendelea nalo kama kawaida. Lakini malipo ya siku moja yasifute jina lake. Nigeria ina Sheria ya Hakimiliki ya 2022, iliyotiwa saini Machi 2023, nayo inamtambua mtumbuizaji na alichotumbuiza. Andikeni karatasi ya ukurasa mmoja kwa Kihausa, isomwe kwa sauti mbele ya mtoto wake. Wazee wengine husoma ajami, Kihausa cha herufi za Kiarabu kama zilivyoandikwa tenzi zetu za kale, basi iandikwe hivyo. Na jina lake liwe kwenye wimbo, siyo "mpiga ngoma".

Bado suala la Kano. Vijana wa Kaduna niliowarekodi walikuwa wakituma wimbo kwa WhatsApp usiku wa Ijumaa bila kumuuliza mtu. Kano ni saa chache tu kwa barabara, lakini utaratibu ni mwingine. Jimbo lina bodi ya udhibiti tangu 2001, na mwaka 2009 ilipotoa orodha ya nyimbo zilizopigwa marufuku, wimbo wa rapa Ziriums ulikuwemo. Mwaka 2020 mwimbaji kijana alihukumiwa kifo na mahakama ya sharia ya huko kwa wimbo alioutuma kwa WhatsApp, ukihesabiwa ni kufuru, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Kano ikaamuru kesi isikilizwe upya. Wewe uliyekaa Dar es Salaam au Mombasa na kumtumia biti rafiki wa Kano huna cha kupoteza. Yeye anacho. Mwache aamue mwenyewe maneno yapi yabaki, na akikuandikia usiku akuombe uondoe mstari, uondoe kwanza, sababu atakupa akipenda.