Ladha ya kuungua kwenye vepu mpya ya betri mbili

Ndugu wa Kondele, umeuliza kuhusu vepu yako mpya (sigara ya kielektroniki): ladha ya kuungua uliyoipata siku ya kwanza si ubovu wa kifaa. Pamba ya koili (waya unaopasha likwidi, yaani kimiminika cha kuvuta) ilipigwa moto ikiwa kavu, na ikishaungua haiponi: weka koili nyingine. Safari hii dondosha matone 4 au 5 kwenye pamba, jaza tangi, ngoja dakika 10, kisha anza na wati za chini kabisa zilizoandikwa kwenye koili, upandishe 5 kwa 5.

Hiyo likwidi yako ya nikotini miligramu 50 kwa mililita iondoe kabisa! Ni ya vifaa vidogo. Hapa tumia ya miligramu 3, la sivyo utashikwa na kizunguzungu na kichefuchefu. Betri za 18650 (hiyo ni saizi yake) ziwe jozi moja: zinunuliwe, zitumike na zichajiwe pamoja. Ganda la plastiki la betri likichanika, usizitumie. Na kwa joto la Kisumu, usiache vepu garini juani.